Ng'ombe Aliyeishia Tumboni

Mwaka 2001 ulimkuta Agnela Mroso akiwa na miaka kumi na mmoja kazini, na muda wote huo hakuwahi kukwama. Alikuwa mchoraji wa kiwanda kidogo cha uchapaji pale Elerai, Arusha, mali ya Bwana Sylvanus Kimaro, na kila lebo iliyotoka pale ilikuwa imepita mikononi mwake: unga wa sembe, mishumaa, dawa ya kunguni, mvinyo wa ndizi. Tangu biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, yeyote mwenye sufuria na nia alikuja kutaka lebo, na Agnela aliwachorea wote. Mishumaa alikuwa anaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Kunguni walimchukua siku mbili, tena kwa sababu alitaka wafanane na kunguni halisi, na Sylvanus akamwomba awapunguze uhalisi kidogo.

Halafu akaja Mzee Loserian.

Mzee huyu alitoka Kisongo, upande wa magharibi wa Mlima Meru, huko watu wanakolima mahindi na kufuga kwa pamoja. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mkimya, na kofia ya pama aliyoivua kanisani tu. Alikuwa ameamua kwamba maziwa ya ng'ombe wake hayatauzwa tena kwa madumu kando ya barabara, bali yatagandishwa na kufungwa kwenye pakiti kama ya watu wa mjini. Mashine ya kufungia alikwisha kuipata. Sasa alitaka lebo: neno MTINDI, chini yake jina Naserian, ambalo ni la mjukuu wake, na chini ya jina awepo ng'ombe.

"Ng'ombe wa namna gani, mzee?" Agnela alimwuliza, penseli ikiwa tayari mkononi.

"Ng'ombe," alisema Mzee Loserian.

Agnela akamchora palepale, mzee akiwa bado anakunywa soda aliyokaribishwa. Mzee akaipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, kisha akaiweka mezani taratibu kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Huyu ana njaa," alisema.

Juma lililofuata Agnela alimwongezea tumbo. Mzee akamtazama ng'ombe yule kwa muda mrefu.

"Huyu ameibwa."

"Ameibwa vipi, mzee wangu?"

"Tazama macho yake. Anatafuta njia ya kurudi kwao."

Wa tatu alikuwa dume aliyevishwa kiwele. Wa nne alikuwa anafikiri sana, na ng'ombe anayefikiri kiasi kile hatoi maziwa. Wa tano alikwisha kumpiga mtu teke, na ingawa halikuonekana kwenye picha, mzee aliliona kwa jinsi alivyosimama. Hukumu hizi zote alizitoa bila hasira, kwa sauti ya daktari anayesoma majibu ya maabara. Alipofika wa tisa, alimgeukia Sylvanus aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Huyu mimi simjui kabisa," alisema. "Wewe unamjua?"

Sylvanus akamtazama ng'ombe, akajikuta anasema, "Hapana, mzee. Hata mimi simjui."

Baada ya hapo mkono wa Agnela uligoma. Alikuwa akianza na pembe, zinakuwa za mbuzi. Akianza na mgongo, unakuwa kilima. Jumanne moja alikaa mbele ya karatasi tangu asubuhi, na ilipofika saa tisa alasiri kilichokuwepo ni mkia, mkia mzuri tu wenye shungi mwishoni, lakini hauna mwenyewe. Akaufunika kwa mkono Sylvanus alipopita, kama mwanafunzi anayeficha jibu.

Sylvanus aliuona. Alikuwa mtu wa Kibosho, mnene, mwenye upara unaong'aa na imani kubwa katika mambo mapya. Kompyuta ya ofisi ilifunikwa kitambaa alichofuma mke wake, na haikufunuliwa ila wageni wakija.

"Agnela," alisema akivuta kiti. "Mashine ipo, wino upo, karatasi ipo, mteja yupo. Kinachokosekana ni ng'ombe tu. Nimesoma gazetini kwamba sasa kila kitu kipo kwenye intaneti. Kesho nenda ukamlete."

"Nikamlete nani, bosi?"

"Ng'ombe."

Asubuhi yake Agnela alikuta bahasha mezani. Sylvanus alikuwa amepiga chapa barua rasmi, yenye nembo na mhuri wa kiwanda:

*Kwa: Mkuu wa Intaneti. Yah: Kuomba Ng'ombe. Tafadhali husika na somo hapo juu. Mleta barua hii ni mfanyakazi wetu mwaminifu. Tunaomba asaidiwe kupata ng'ombe mmoja (1) mwenye sura ya kuridhisha. Wako katika ujenzi wa taifa.*

Agnela aliona aibu kuibeba, lakini aliona aibu zaidi kuuacha ule mkia mezani. Akaweka barua, karatasi na penseli za rangi kwenye mkoba, akaenda mjini.

Intaneti kafe ilikuwa karibu na Mnara wa Saa, chumba kirefu chenye kompyuta sita na feni moja. Aliyeisimamia ni dada mmoja wa Kikwe aitwaye Hope, mwenye Kiingereza kizuri na uvumilivu wa muuguzi. Aliisoma barua mpaka mwisho bila kucheka. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika IMEPOKELEWA pembeni, akaitia kwenye faili.

"Mkuu hayupo," alisema. "Lakini nitakusaidia mimi. Ng'ombe wa kisasa au wa kienyeji?"

Agnela akafikiri. "Mwenye furaha," alisema.

Hope akaandika kwa Kiingereza ng'ombe mwenye furaha. Mashine ya simu ikalia kama paka aliyekanyagwa, ikatulia, na baada ya muda yakaja majina mengi ya tovuti. Wakachagua moja, ukurasa wa mfugaji wa Denmark. Kulikuwa na maandishi machache ambayo hata Hope hakuyaelewa, na chini yake kisanduku cheupe. Kutoka juu ya kisanduku kile picha ikaanza kuteremka, mstari mmoja mwembamba, kisha mwingine.

Ilikuwa mbingu. Nusu saa nzima ilikuwa mbingu.

"Huko kwao mbingu ni kubwa," alisema Hope kwa upole.

Saa waliyolipia ilipoelekea kwisha, ikatokea ncha ya sikio. Agnela akashika penseli. Wakati huohuo mtu akapiga simu ya kafe kuuliza kama wanafungua Jumapili, laini ikakatika, na sikio na mbingu yake vikatoweka.

Alhamisi walianza tena kutoka mbinguni. Safari hii Hope alibandika tangazo mlangoni, USIPIGE SIMU, jambo ambalo wapiga simu hawakuweza kuliona, lakini ilisaidia kwa namna fulani. Masikio yote mawili yakashuka. Kwenye sikio la kushoto kulikuwa na kipande cha plastiki cha njano chenye namba 0417. Kikafuata kipaji cha uso chenye nyota nyeupe. Hans, karani wa kampuni ya utalii aliyekuwa akija kila siku kungoja majibu ya wageni kutoka Ulaya, alisogeza kiti chake.

"Hana pembe?" aliuliza.

"Inaelekea hana," alisema Hope.

"Au zimechelewa."

Macho yalikuwa yanakaribia umeme ulipokatika. Watu watano wakaguna kwa pamoja, na ndipo Agnela alipogundua kwamba nyuma yake walikuwa wamesimama watu watano.

Ijumaa walikuwa kumi na wawili. Mama mmoja alikuja na mto wa kukalia. Mwanafunzi aliyekuwa akitafuta nafasi za masomo ughaibuni aliiacha fomu yake katikati. Macho yaliposhuka, meusi, mapana, yenye utulivu wa mtu aliyekula akashiba na hana miadi popote, chumba kizima kilisogea mbele. Agnela akachora kwa kasi. Hakuwa anafikiri sasa. Mkono ulikwenda wenyewe, mstari kwa mstari, sambamba na kompyuta, nyekundu ya manyoya, weupe wa pua, mkunjo wa shingo, bega, mgongo ulionyooka kama meza. Tumbo likaanza. Tumbo likaendelea. Halafu, chini kidogo ya katikati ya tumbo, ikasimama.

Wakangoja. Hope akagonga kitufe hiki na kile. Wakarudia kutoka mbinguni, wakafika palepale, ikasimama tena.

"Amegoma," alisema Hope. "Huko alikotoka wamemweka mpaka hapo tu."

Wale watu kumi na wawili wakatawanyika kimya kimya, kila mmoja akionekana kama aliyepokonywa kitu.

Sylvanus aliitazama kazi ile akiwa amevaa miwani, kisha bila miwani.

"Ni mzuri," alikiri. "Miguu iko wapi?"

"Haikufika, bosi."

"Itafika lini?"

"Haitafika. Lakini ninaweza kumwekea miguu mingine."

Alijaribu. Alimwekea miguu ya yule wa pili, akawa ameibwa tena. Alimwekea ya wa tano, akawa na hila. Mwisho akaifuta yote, na alikuwa bado anafuta mzee alipoingia, kwa hiyo hakukuwa na muda wa kuficha chochote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Mzee Loserian aliichukua karatasi. Akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Ukutani saa iligonga. Kisha akafanya jambo ambalo Agnela hakuwahi kumwona akilifanya: alivua kofia.

"Amesimama kwenye majani," alisema kwa sauti ndogo.

Agnela na Sylvanus wakatazamana.

"Mwaka ule wa Elnino," mzee aliendelea, "majani yalikuwa mpaka hapa." Akagusa mkanda wa suruali yake. "Ukitazama mifugo kwa mbali unaona migongo tu, kama mitumbwi. Halafu ukaja ule ukame wa mwaka jana. Nilibaki na ng'ombe saba. Huyu hajui ukame. Huyu amesimama ndani ya majani na hana habari."

Sylvanus alikuwa tayari amefungua kitabu cha oda. Lakini Agnela alikuwa ametawaliwa na hali ya mtu anayesifiwa kwa kazi ambayo si yake. Hakuweza kukaa nayo.

"Mzee, nisikudanganye. Mimi sikuchora majani. Miguu haikufika. Simu ilikuwa mbovu."

"Binti," alisema mzee, "mimi sina haja ya kuonyeshwa miguu ya ng'ombe. Miguu najua ilipo." Kisha akainama zaidi juu ya karatasi. "Hiki cha sikioni ni nini?"

"Ni namba. Huko wanawaandika namba."

Mzee akaivaa kofia yake tena. "Basi ana mwenyewe," alisema. "Mwenyewe ameambiwa?"

Hapo ndipo kazi iliposimama upya. Sylvanus alieleza kwamba kitu kikishakuwa kwenye intaneti ni cha watu wote. Mzee Loserian alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akauliza kama yeye Sylvanus akimwacha ng'ombe wake barabarani anakuwa wa watu wote. Sylvanus akasema hilo ni jambo jingine. Mzee akauliza ni jingine vipi. Walikwenda hivyo mpaka chai ikapoa, na mwisho wake ikaamuliwa kwamba mwenye ng'ombe aandikiwe.

Jumatatu Agnela alimpeleka mzee kwa Hope, aliyekuwa ameona anwani ya barua pepe kwenye ukurasa ule. Mzee alikaa mbele ya kompyuta, fimbo katikati ya magoti, akaanza kusema, na Hope akawa anageuza kwa Kiingereza. Alimsalimu mwenye ng'ombe. Aliuliza habari za mke wake, watoto wake, wazazi wake kama bado wapo. Aliuliza kama mvua zimenyesha na kama majani yapo. Aliuliza habari za ng'ombe wakubwa, kisha za ndama, kisha za mbuzi.

"Labda hana mbuzi, mzee," alisema Hope.

"Atasema mwenyewe kama hana."

Hope akaandika. Alipofika mwisho akangoja. "Sasa ombi letu, mzee?"

Mzee Loserian alishangaa. "Hajaitikia salamu bado," alisema, akanyanyuka.

Kwa hiyo kiwanda kikangoja mtu wa Denmark aitikie salamu. Sylvanus alikuwa akipita mezani kwa Agnela mara tatu kwa siku. "Ameitikia?" Bado. Mashine ilifanya kazi ya kadi za michango ya harusi, lakini moyo wake haukuwepo.

Siku ya nne jibu likaja. Hope akalisoma kwa sauti: *Asante. Sisi ni wazima. Mvua ni nyingi mno. Sina mbuzi. Wewe ni nani? Anders.*

Mzee alifurahi sana. "Mtu mzuri," alisema. "Ameitikia yote, hata ya mbuzi." Sasa akajieleza yeye ni nani, na ukoo wake, na mahali anapokaa, na kwamba sura ya ng'ombe mwenye namba 0417 inatakiwa kukaa kwenye pakiti za mtindi, na kwamba anaomba ruhusa ya mwenyewe, na ya mke wa mwenyewe, kwa kuwa maziwa ni mambo ya akina mama.

Jibu la pili lilikuja baada ya siku mbili. Hope alilisoma kwanza kimya, akamtazama Agnela, kisha akalisoma kwa Kiswahili polepole. Ng'ombe yule aliitwa Dagmar. Alikufa mwezi wa pili, kwa uzee. Picha ilibaki kwa sababu binti wa Anders ndiye aliyeutengeneza ule ukurasa, naye alikwenda kusoma mbali, na Anders mwenyewe hajui namna ya kuiondoa.

Hans, mezani kwake, aliacha kuandika.

"Kumbe siku zote hizi tunamtazama marehemu," alisema mzee.

Sylvanus alipoletewa habari alijitahidi kuhuzunika, lakini ilimshinda. "Basi tuchape!" alisema. "Marehemu hana pingamizi!" Agnela, ambaye alikuwa amemngoja ng'ombe yule siku tatu na kuyachora macho yake kope kwa kope, alimkasirikia bosi wake kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Alimwambia kwamba kama anataka kuchapa leo, achore mwingine yeye mwenyewe. Sylvanus akatazama penseli, akakumbuka kwamba hajui kuchora hata yai.

"Tungoje," alisema.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, msafara uliwasili pale kafe. Mzee Loserian alikuwa na mke wake, Mama Nosim, aliyevaa shuka zake mpya na shanga za kwendea kanisani, pamoja na wazee wengine wawili wa kanisa. Mama Nosim alibeba kibuyu cha maziwa. Sylvanus alikuja na suti nyeusi, kwa kuwa hakutaka kuonekana mtu asiyejua mambo, na Agnela alijifunga khanga kiunoni. Hope alizima feni ili pawe na utulivu. Viti vilipangwa kuikabili kompyuta namba tatu, ambapo Dagmar, akiwa ameanza kushuka tangu saa mbili, alikuwa amefika tumboni.

Mzee mmoja aliomba, kwa Kimaasai na kisha Kiswahili. Alimshukuru Mungu kwa maisha ya ng'ombe huyu na maziwa aliyowapa watu wa mbali. Wateja wengine wote walisimama. Mzungu mmoja mwenye mkoba mgongoni, aliyeingia kusoma barua zake, alisimama pia, akauliza kwa kunong'ona ni nani aliyefariki, na Hans akamwonyesha kwa kidole kwenye kioo. Yule Mzungu akavua kofia.

Kisha wakaandika. Walimpa Anders pole, kila mmoja kwa zamu. Mama Nosim, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, aliuliza swali moja tu: je, alikufa amelala au amesimama, na nani alikuwa naye? Hope akaliweka mwishoni.

Likapita juma zima bila jibu. Agnela alianza kuogopa kwamba wamemkosea mtu, au kwamba mtu yule amedhani anatukanwa. Alipita kafe kila jioni akitoka kazini, na Hope alikuwa akitikisa kichwa kabla hajauliza.

Jibu lilipokuja lilikuwa refu, karatasi mbili lilipochapishwa. Anders alisema alimkamua Dagmar miaka kumi na minne. Alikufa amelala, alfajiri, na yeye alikuwa naye, ameweka mkono shingoni mwake. Siku ile alikwenda dukani kununua mkate, muuzaji akamwuliza habari, akasema nzuri. Hakumwambia mtu, kwa sababu huko kwao mtu mzima akisema anamlilia ng'ombe atachekwa. Salamu za Arusha alizisoma amesimama jikoni, akakaa chini, na tangu hapo alikuwa anatafuta cha kuandika. Ruhusa aliitoa. Mke wake pia, ingawa walitengana, alipigiwa simu akasema sawa. Tena, aliongeza, Dagmar alikuwa mlemavu wa mguu mmoja wa nyuma, kwa hiyo kama miguu haionekani, ni vizuri hivyo.

Mzee Loserian alimwomba Hope arudie pale pa jikoni. Kisha akasema kwamba jambo hili limekwisha kuvuka mambo ya lebo. Mtu aliyepoteza ng'ombe wa miaka kumi na minne hawezi kuachwa mikono mitupu. Miongoni mwa mitamba yake kulikuwa na mmoja mwekundu, mwenye nyota. Huyo kuanzia siku ile alikuwa wa Anders. Atakaa Kisongo, atachungwa Kisongo, lakini ni wake, na wao wawili sasa wataitana *pakiteng*, kama wanavyoitana watu waliopeana ng'ombe.

"Anaandikwaje huyo pakiteng?" aliuliza Hope, na mzee akamwambia aandike anavyosikia.

Lebo zikachapwa. Mtindi Naserian ukaingia madukani, ng'ombe mwekundu akiwa ameishia tumboni juu ya utepe wa kijani, na watu wakaupenda bila kujua kwa nini. Na hapo Agnela akapata taabu mpya. Kila mteja sasa alitaka kitu kisichomalizika. Mwenye kuku alitaka kuku nusu. Mtu wa asali alitaka nyuki wenye bawa moja. Muuza viatu wa Maji ya Chai alikuja mwenyewe, akataka bango la kijana mtanashati aliyeishia magotini.

"Lakini unauza viatu, kaka," alisema Agnela.

"Ndiyo."

"Viatu vitakuwa wapi?"

"Kwenye majani," alisema muuza viatu, kwa uhakika kabisa.

Agnela alibishana naye asubuhi nzima, akashindwa, akachora. Bango likawekwa, na biashara ya yule mtu ikawa nzuri, jambo lililomkera Agnela kwa miezi.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipopungua, mtamba wa Anders alizaa ndama jike. Anders akaomba picha. Hapakuwa na kamera, na Hope alikuwa amenunuliwa mashine ya kuingiza michoro kwenye kompyuta, kwa hiyo Mzee Loserian akaja Elerai kumwomba Agnela. Sylvanus alimpa ruhusa ya siku moja na barua ya utambulisho kwa ng'ombe, ambayo Agnela aliiacha kwenye droo.

Akaenda Kisongo. Upepo ulikuwa mkali, na mlima ulikuwa wazi tangu chini mpaka kileleni. Mama Nosim alimwonyesha mlango wa boma, akamwacha humo na kigoda. Ndipo Agnela alipogundua, akiwa amekwisha kukaa, kwamba katika miaka yote ile ya kuchora ng'ombe, na nguruwe, na samaki, na kunguni, hakuwahi hata mara moja kukaa na kitu alichokichora. Ndama alikuwa na siku nne. Alikuwa na miguu mirefu kupita kiasi, inayokwenda kila mmoja na mambo yake, na Agnela aliichora yote minne, akaifuta, akaichora tena, kwa kuwa haikukubali kutulia. Ng'ombe mama alikuja akalamba ukingo wa karatasi, rangi nyekundu ikasambaa mpaka kwenye kona. Agnela akaiacha hivyohivyo.

Hakujua muda uliopita. Hakuna aliyekuja kumwuliza amefikia wapi. Jua liliposogea, Mama Nosim alikuja na chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, akasimama nyuma yake akitazama ndama, kisha karatasi, kisha ndama.

"Kunywa kabla haijapoa, mwanangu," alisema. "Halafu usogee kidogo. Hapo ulipokaa ndipo anapolala."

Agnela akasogea.